Risasi Kabla ya Kisu

Ijara, Jumanne, 14 Januari 1997

Nimefika saa tisa alasiri, safari ya siku mbili kutoka Garissa, nikiwa na bunduki mbili zisizo zangu, visanduku sita vya risasi, na barua inayosema kwamba mimi ndiye nitakayeamua ni risasi zipi zifaazo. Barua ina upole wa barua zote za ofisi. Inaeleza kwamba mwaka uliopita nyati waliojeruhiwa na kuachwa waliwaua wachungaji wawili penye visima. Kwamba ukame huu utawaleta wanyama wengi zaidi kwenye maji ya watu. Kwamba nyati wavamizi wapigwe, pamoja na nyamera na choroa kumi na wawili kwa chakula cha watu waliopoteza mifugo. Daktari wa mifugo, yaani mimi, achunguze kila mzoga kwa miezi mitatu, kisha apendekeze.

Risasi ni za aina mbili. Maaskari huziita softi na solidi. Softi ina ncha laini iliyo wazi. Ikiingia mwilini hufunguka kama uyoga na kuharibu kila kilicho karibu nayo. Solidi imefunikwa shaba yote. Hupenya moja kwa moja na kuacha tundu la kidole. Chuoni tulifundishwa haya kwa nusu saa, katika mhadhara ambao wengi wetu tulisinzia.

Nimepangiwa kulala kwa Amino, mke wa Mzee Shuaib. Ni wiki ya kwanza ya Ramadhani. Tumefuturu kwa chai ya rangi na tende mbili kwa kila mtu.

"Wewe ni Mwislamu kweli," Amino ameniuliza, "ama Mwislamu wa Nairobi?"

Nimemwambia mimi ni mtu wa Witu.

"Witu ni karibu. Basi utakula kidogo kama sisi."

15 Januari

Jua. Sajenti Noordin, mpigaji wetu, amelenga kopo mara tano kwa hatua mia na hamsini. Hakukosa hata mara moja.

Ijumaa, 17 Januari

Nyamera dume, hatua mia na ishirini, softi, nyuma ya bega. Aliruka mara moja, akakimbia kama hatua thelathini, akaanguka kama nguo iliyoteleza kambani. Nilihesabu sekunde tisa. Kwa kipimo nilichofundishwa, ni vigumu kutaja kifo kilicho bora zaidi.

Mzee Shuaib ndiye mchinjaji wa visima hivi. Alianza kukimbia tangu mlio, kikoi amekipandisha magotini, kisu mkononi, mtu wa miaka hamsini na minane aliyefunga. Alipofika alipiga goti, akaligusa jicho la mnyama kwa ncha ya kidole. Jicho halikupepesa. Akasimama na kukirudisha kisu alani.

"Imekufa," alisema.

"Bado ina joto, Mzee," Noordin alimjibu. "Chinja tu, damu itatoka."

"Hata maiti iko na joto, Sajenti. Utaichinja?"

Wanawake thelathini hivi walikuwa wamekuja na mabeseni. Walitazama, wakageuka, wakarudi walikotoka. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililonisumbua. Nilibaki na Noordin kuupasua mzoga. Moyo haukuwapo tena. Palikuwa na vipande vyake. Mapafu yalikuwa uji. Tai walitua kabla sijaosha mikono.

18 Januari

Leo wamebishana mbele yangu, kila mmoja akiniangalia mimi kama hakimu. Noordin anasema hulitaja jina la Mungu kila avutapo kifyatulio, na kwamba wapo wanazuoni wanaoikubali nyama ya namna hiyo. Mzee Shuaib hapingi kwamba wapo.

"Mshale unakata," alisema, kwa Kiswahili cha huku, ambacho p hugeuka b. "Hii chuma yake inavunja. Mnyama wa kubondwa si chakula. Nikibata roho ndani, nachinja. Nisibobata, naacha. Mimi sina maneno mengi."

"Una njaa nyingi," Noordin alisema.

"Hiyo sisi wote tunayo. Hata bunduki yako imekonda."

Wakacheka wote wawili, nami nikafuata.

Nimefikiri kutwa nzima. Softi huua upesi mno, na kwa upesi huo huigeuza nyama kuwa kibudu. Solidi huacha uhai ndani ya mwili kwa dakika kadhaa. Je, risasi iliyo mbaya zaidi kwa mnyama yaweza kuwa bora zaidi kwa watu? Naliandika kama swali kwa sababu sipendi jinsi jibu lilivyonijia haraka.

21 Januari

Nyamera jike, hatua mia, solidi, katikati ya mapafu. Alikimbia hatua mia mbili, akasimama ametanua miguu, povu la waridi likimtoka puani. Dakika ya tatu alijilaza mwenyewe, polepole, kama anayejilaza kupumzika. Mzee Shuaib alimfikia dakika ya nne. Mnyama aligeuza kichwa akamtazama. Jina likatajwa, kisu kikapita, damu ikaruka hadi magotini mwa mzee.

Familia kumi na nane zimefuturu kwa nyama. Amino amenipa ini. Nimekula.

Nilisomeshwa ili nifupishe maumivu. Leo nimeyarefusha dakika nne kwa makusudi, na nimeridhika. Sijui kama kushiba ni hoja.

23 Januari

Choroa. Solidi. Dakika tano. Amechinjwa.

26 Januari

Jua. Upepo wa vumbi. Ng'ombe saba wa Amino walibaki wanne. Leo ni watatu.

28 Januari

Nyamera. Solidi. Dakika tatu. Amechinjwa.

2 Februari

Nimeanza kuandika ripoti. Wanyama sita kwa solidi, sita wamechinjwa wakiwa hai. Takwimu ndogo, lakini zote zinaelekea upande mmoja. Noordin amesoma juu ya bega langu.

"Kwa swala ni sawa, Daktari. Swala akiumia anataka kukimbia. Kuna mnyama akiumia anakutaka wewe."

Nimeongeza sentensi moja kuhusu tahadhari. Nikiisoma tena naona imewekwa pale ili niwe nimeiweka.

9 Februari

Idi. Choroa wawili. Watoto wamecheza mpaka wakakumbuka kwamba wana kiu.

Jumapili, 16 Februari

Asubuhi, kwenye kisima cha pili, nyati dume alimkuta Ramlo, jirani yetu, akiteka maji na punda wake wawili. Niliitwa kama daktari, ingawa hapakuwa na kazi ya daktari. Punda mmoja alikuwa amepasuliwa tumbo na bado amesimama, akikanyaga matumbo yake. Noordin alimmaliza. Ramlo alikuwa amegandamizwa kwenye ukuta wa kisima. Kutoka kiunoni kwenda chini mwili wake haukuwa tena na umbo. Alizungumza kwa muda. Aliuliza kama madumu yamemwagika. Mtu mmoja akamwambia hayakumwagika, naye akafa akiwa ameamini hivyo.

Kisima cha kwanza kimekauka tangu juzi. Watu hawana kisima kingine cha kwenda. Nyati huyu lazima apigwe.

20 Februari

Mkutano nyuma ya ofisi ya chifu. Noordin anataka risasi mbili: ya kwanza kuangusha, ya pili ubongoni, papo hapo, bila mtu kumsogelea. Familia zinataka nyama. Wanyama kumi na wawili wa kibali wamekwisha, na nyati mmoja ni chakula cha kaya arobaini kwa siku nyingi.

"Ukibiga ubongo," Mzee Shuaib aliniambia, "umemzika. Nibe nafasi ya kisu tu."

"Nyati akifa hulia, Mzee," Noordin alisema. "Mlio mrefu, wa mwisho. Kabla ya mlio huo, humsogelei."

"Na nikingoja alie, atakuwa amekufa. Nitachinja nini, sauti yake?"

Watu walicheka. Nilicheka pia, na katika kicheko hicho nadhani niliamua. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa hapo hapo: ishara ambayo mpigaji huingoja ndiyo ambayo mchinjaji hawezi kuingoja. Nilikuwa na wanyama kumi na mmoja wa solidi nyuma yangu, wote wamechinjwa salama. Nimesema: solidi moja ya bunduki kubwa, ipite mabega yote mawili ili asiweze kuinuka. Kisha kisu. Risasi ya pili kwa amri yangu tu.

Noordin hakubisha. Alisema, "Ni barua yako."

Jumapili, 23 Februari

Naandika kwa mpangilio, kwa sababu bila mpangilio sitaandika.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, nyati alikuwa kwenye tope la kisima. Noordin alilala nyuma ya gogo la mgunga, hatua sitini. Mimi nilikuwa hatua kumi kushoto kwake na darubini. Mzee Shuaib alichuchumaa nyuma yetu, amevua viatu.

Risasi ililia. Nyati alipiga magoti, kisha akaanguka ubavu, miguu ikipiga hewa. Niliona vumbi likiruka upande wa pili na nikafikiri: imepita yote mawili. Nilifikiri hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

"Hajalia," Noordin alisema.

Mzee Shuaib alikuwa amekwisha kutupita. Alizunguka upande wa mgongo, kama achinjaye ng'ombe, akaishika pembe kwa mkono wa kushoto na kuivuta ili kichwa kielekee Kibla. Alifanya hivyo kwa utaratibu, bila haraka, vile alivyofanya kila mara. Nyati akainuka. Aliinuka kwa miguu mitatu, na mzee akiwa amening'inia kwenye pembe.

Pembe ya pili iliingia pajani, juu, karibu na kinena. Sauti ilikuwa kama ya gunia linalochanwa. Noordin alikuwa amesimama, bunduki begani. Hapo mzee alipaza sauti, na hakuwa akiomba msaada.

"Usibige! Usibige!"

Noordin alinitazama. Hakumtazama nyati, alinitazama mimi. Nilikuwa nimejipa mwenyewe amri ile. Niliona kisu kikipanda. Niliona jinsi ambavyo kilikuwa karibu. Nilifikiri juu ya kaya arobaini, au nasema sasa kwamba nilizifikiria.

Nikasema, "Ngoja."

Kisu kiliingia kooni na kupita. Damu ilitoka kwa nguvu iliyowafunika wote wawili. Nyati alimrusha, akamfuata pale alipoangukia, akampigia magoti kifuani, akasugua. Alisugua mara mbili. Nilipofungua mdomo tena Noordin alikwisha kupiga, sikioni, kwa hatua tano, na mnyama alimwangukia mzee kwa uzito wake wote.

Tulihitaji watu wanane na kamba kumwondoa. Kifua cha Mzee Shuaib kilikuwa bapa. Mkono uliokuwa na kisu haukuwa na mkwaruzo.

Mchana nilimpasua nyati, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Solidi ilivunja bega la kwanza na kupita upana wa vidole viwili juu ya kiungo cha bega la pili. Vidole viwili. Ingekuwa softi angekufa pale pale, labda. Ingekuwa risasi ya pili angekufa hakika. Ingekuwa sikusema neno lolote, Noordin angepiga. Kila njia niipitayo inarudi kwenye neno moja, na neno hilo nililitamka kwa sauti tulivu kabisa.

24 Februari

Amezikwa jana alasiri. Leo watu wamekaa mbele ya nyumba ya Amino na swali ambalo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliuliza. Nyama imekaushwa usiku kucha. Je, ni halali?

Walitaka kujua mambo mawili: je, kisu kilitangulia risasi ya mwisho, na je, jina lilitajwa? La kwanza tuliliona sote. La pili lilibaki kwa Noordin na mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa karibu.

"Masikio yangu yalikuwa yamejaa bunduki," Noordin alisema.

Nilisema niliiona midomo yake ikitikisika kisu kilipopanda. Waliniuliza nilisikia nini. Nilisema sikusikia. Huenda alikuwa akitaja jina, huenda alikuwa bado anamzuia Noordin, huenda alikuwa anapiga kelele ya maumivu. Waliniangalia kama mtu anayetoa mkate kwa mkono mmoja na kuuchukua kwa mwingine. Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimekwisha kukosea mara moja kwa kuona nilichotaka.

Ndipo Amino alipotoka, amejitanda nyeupe ya ujane.

"Miaka thelathini na mbili nimekaa na yeye," alisema. "Hata kuku hajamkata bila kutaja. Gaweni."

Akachukua pande la kwanza yeye mwenyewe, akalitia sufuriani mbele ya watu wote.

Jioni alikuja akakaa karibu nami.

"Wewe ulisema ngoja?"

"Nilisema."

"Na yeye alisema usibige?"

"Alisema."

"Basi mlikuwa wawili."

Sijui kama alikuwa ananisamehe au anatuhesabu.

25 Februari

Jua.

1 Machi

Amekuja Khalif, mdogo wake marehemu, kutoka Hulugho. Ana miaka thelathini na tano, mrefu, mwenye vicheko. Amekwisha kupewa kisu na wazee. Kuna nyati mwingine, jike, kwenye kisima kile kile.

"Daktari, usiogope," ameniambia. "Mimi nakimbia kuliko kaka yangu. Yeye alikuwa na tumbo."

"Hakuwa na tumbo," Amino alisema kutoka ndani. "Nani angelijaza?"

Jumamosi, 8 Machi

Nilimwita Noordin kando kabla ya alfajiri na kumwambia: solidi mbili, ya pili kichwani, usiningoje, usinitazame. Alisema, "Ndiyo, Daktari," kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Alipiga. Akapiga tena. Kati ya milio hiyo sikuweza kuhesabu hata sekunde moja. Khalif alikuwa nusu ya njia na aliendelea kukimbia, kana kwamba miguu haikuambiwa. Aliligusa jicho. Aligusa la pili. Kisha akampiga nyati teke la tumbo, mara kadhaa, mpaka wazee wakamshika.

Alikuja hadi nilipo, anahema, kisu bado mkononi. Noordin alisogea katikati yetu.

"Umeniokoa, Daktari," Khalif alisema. "Sasa niokoe na njaa."

Mwanamke mmoja alipindua beseni lake na kulikalia. "Mwacheni," alisema. "Atabeleka nyama Nairobi, huko wanakula chochote."

Mizani yangu ingeonyesha kilo mia tano na zaidi. Sikumpima. Fisi walianza mchana, bila aibu, na tuliwasikia wakivunja mifupa kutoka pale tulipokuwa tukinywa chai.

Noordin alisafisha bunduki kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. "Leo umeamua vizuri," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Ile siku ungeamua vizuri, tusingekula."

13 Machi

Jua. Ng'ombe wa mwisho wa Amino.

19 Machi

Amezikwa mtoto wa Nimo, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, umri wa miaka miwili. Mhudumu wa zahanati anasema ni kuhara. Nimo anasema ni njaa. Najua kwamba mwili ulio na njaa huhara na kufa upesi, hivyo wote wawili wana haki. Najua pia kwamba siwezi kuchora mstari kutoka kwa nyati wa tarehe nane hadi kaburi hili. Nimejaribu mara nne kujithibitishia kwamba mstari haupo. Hilo nalo sikuweza.

20 Machi

Khalif amenisalimu. Nimeitikia.

29 Machi

Mvua. Ilianza saa nane mchana, ikaendelea. Watu wametoka na kusimama ndani yake. Nyati wamerudi msituni. Nyayo zao zimejaa maji.

Ijumaa, 4 Aprili

Ripoti imekwisha. Gari litaichukua kesho pamoja nami, barabara ikikubali.

Nimependekeza softi kwa nyamera na choroa pale ambapo lengo ni kuua tu, na solidi pale ambapo watu watakula, nikieleza gharama yake kwa mnyama kwa dakika. Kwa nyati nimependekeza solidi mbili, ya pili kichwani bila kungoja, na kwamba nyama yake isihesabiwe kamwe kuwa chakula. Nimeandika kwamba mtu mmoja alikufa kutokana na amri ya daktari. Naamini mapendekezo haya ni sahihi. Niliamini vivyo hivyo tarehe ishirini Februari, nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile.

Amino ameomba nimsomee. Nilisoma polepole, nikimfafanulia maneno magumu. Mvua ilikuwa ikigonga mabati na mara mbili ilinibidi nirudie. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, hakunikatiza hata nilipofika kwa mume wake.

"Ni kweli yote," alisema.

Nilianza kuzikunja karatasi.

"Lakini umeandika alifariki tu," akasema. "Andika bia kwamba tulikula."

Nimezikunjua. Nimeongeza kwa mkono, chini ya sahihi yangu, mahali ambapo fomu haina mstari: kaya arobaini na moja, siku kumi na moja.